Mtu wa Kuikata Thapo

Kofia ya kwanza ambayo mke wangu aliisuka hapa Lubumbashi iliishia kufunika bukari, ugali wetu wa huku, mezani kwa kaka yangu. Sikumlaumu kaka. Ni kofia ya nyasi yenye umbo la mlima, pana chini, nyembamba juu, na kileleni ina kifundo kilichosukwa kama taji dogo. Mtu ambaye hajawahi kumwona Msotho akiivaa anaweza kabisa kudhani ni kawa. Kaka aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuzageuza, akasema, "Asanti sana, shemeki, sasa nzi watatuheshimu," na tangu hapo kila tulipokwenda kula kwake Makomeno tulikuta bukari imevaa kofia. Mke wangu alicheka hadi akakaa chini. Siku hizo alikuwa anacheka.

Nilimkuta Lesotho, nchi ya milima iliyozungukwa pande zote na Afrika Kusini. Nilikwenda huko kusoma wakati ambapo chuo chetu hapa kilikuwa kinafungwa mara nyingi kuliko kilivyofunguliwa. Nilirudi na digrii na mke, na kati ya hao wawili digrii ndiyo iliyochakaa mapema. Familia yangu ni ya Kasai, ya wale walioletwa Katanga zamani kwa ajili ya migodi na reli, na ambao hadi leo jirani akikasirika anawakumbusha kwao ni wapi. Kwa hiyo mke wangu alikuwa mgeni aliyeletwa na wageni. Mama yangu alimkagua kutoka kichwani hadi miguuni, akauliza kama kwao wanakula bukari, akajibiwa kwamba wanakula, ila wao wanaiita jina lingine. Mama akaridhika.

Alikuja na blanketi lake la sufu, kapu dogo la nafaka, na chungu cha pombe ya mtama kilichofia mpakani Kasumbalesa chini ya sanduku la vitabu vyangu. Vitabu havikupata hata mkwaruzo. Nimeandika makala mengi tangu wakati ule, na sijaandika hata moja ambalo lingefaa kukalia kiti cha chungu kile.

Alichokosa alijaribu kukitengeneza upya. Alikwenda nje ya mji kutafuta nyasi, akarudi na mafungu kichwani, akayaanika, akayalowesha, akasuka. Nyasi za Katanga zilimshinda. Alinieleza kwamba nyasi za kwao zinakua kwenye baridi kali, polepole, ndiyo maana ni ngumu kama waya; zetu zinanyweshwa mvua kupita kiasi na zinakua kwa haraka, kama watoto wa matajiri. Kofia zake za hapa zilianza kuinama baada ya msimu mmoja. Mafagio yalikuwa afadhali: mafupi, hayana mpini, unafagia ukiwa umeinama. Wanawake wa Kampemba, mtaa wetu, walimwonea huruma kwa kuinama vile, kisha mmoja baada ya mwingine wakaja kuomba fagio.

Lakini kitu alichokifanya vizuri hapa kuliko hata kwao, kwa maneno yake mwenyewe, ni ukuta.

Wasotho wanauita litema. Ni kazi ya wanawake. Unapiga lipu ya udongo na samadi ya ng'ombe kwenye ukuta, na kabla haijakauka unachora mistari kwa vidole, au kwa uma wa kulia chakula, mstari ukiandamana na mwenzake kama matuta ya shamba lililolimwa. Unagawa ukuta katika miraba. Mraba mmoja ukielekea kulia, wa pili unaelekea kushoto, wa chini unageuka tena, hadi macho yanaanza kuona maua na nyota ambazo hakuna mtu aliyezichora. Udongo aliupata kwenye vichuguu. Katanga ina vichuguu virefu kuliko nyumba, na udongo wake unashika kama saruji. Mafundi wa matofali wanalijua hilo, naye alilijua siku ya kwanza alipoushika mkononi. Samadi ilikuwa taabu zaidi. Ilibidi ikatafutwe kwenye mazizi, na kwa kuwa mazizi yako njiani nikitoka chuoni, kazi hiyo ilikuwa yangu. Niliibeba kwenye mkoba wa masomo, ndani ya mfuko wa plastiki niliouamini kupita kiasi. Kuna kizazi kizima cha wanafunzi wa Lubumbashi kinachodhani kwamba harufu ile ni ya falsafa.

Kwao wanachora kabla ya Krismasi. Hapa alijaribu mara moja, na mvua ya Desemba ikausomba ukuta wote kabla ya mbuzi wa sikukuu kuchinjwa. Hakulia. Alisema kwao mvua ikifuta ukuta ni ishara kwamba wazee wamesikia. Ila, akaongeza, wazee wa hapa wana masikio makubwa mno. Baada ya hapo alihamishia kazi mwezi wa tano, mvua zikiisha, na ukuta ukadumu hadi Oktoba, mwekundu na wa kijivu, na watu walikuwa wanasimama barabarani kuuangalia. Binti yetu alikuwa akifanya naye. Tulikuwa na mtoto huyo mmoja tu. Alikuwa na vidole virefu, na mistari yake ilikuwa minyoofu kuliko ya mama yake, jambo ambalo lilizua ugomvi mdogo kila mwaka juu ya nani achukue upande wa barabara.

Alikufa kwa homa ya matumbo, mvua zikiwa katikati, mwaka aliokuwa anajiandaa kwa mtihani wa kumaliza sekondari. Sina la kuandika zaidi juu ya hilo. Nimejaribu.

Siku ya mazishi mke wangu alimpigia simu kaka yake, aliyekuwa ndugu yake wa mwisho aliye hai, mtu aliyefanya kazi migodini Afrika Kusini hadi mapafu yakamchoka. Kaka yake alimwambia afunge thapo. Ndiyo alama ya msiba ya kwao: ukanda wa kitambaa cheusi, unaofungwa shingoni. Haivuliwi wakati wa kuoga wala wa kulala. Inakaa hadi muda wa msiba uishe, halafu mtu mzima wa ukoo wake anakuja kuikata kwa wembe, katika nyumba ile ile ambayo maiti ilitokea, na nywele zinanyolewa, na watu wanakula, na kuanzia hapo mama aliyefiwa anaruhusiwa kurudi miongoni mwa watu. Haiwezekani aikate mwenyewe. Mume hawezi, maana mume naye ni mfiwa. Na hawezi kusafiri aende kukatwa kwao, kwa sababu kifo kiliingia kwa mlango huu, na kwa mlango huu kitolewe.

"Ifunge," kaka yake alimwambia kwenye simu, nikimsikia anavyohema. "Nitakuja kuikata."

Hakufika. Mapafu yalimmaliza kabla. Mjane wake alipokea simu mara chache, kisha namba ikafa.

Basi thapo ikabaki. Muda wa msiba uliisha, ukapita, ukapita tena. Na kwao nyumba yenye thapo haichorwi. Mwezi wa tano ulikuja na ukuta haukuguswa. Uma zilibaki kabatini, zikatumika kulia chakula. Nilikuwa nasoma maandishi ya wataalamu usiku na mchana kutafuta mlango wa kutokea, nikawa najua mengi kuhusu desturi za msiba kusini mwa Afrika, na siku moja nikamsomea mke wangu kurasa fulani mezani. Alisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza kama aliyeandika hayo ni mtu wa ukoo wake. Nikasema hapana. Akaondoa sahani.

Watu walianza kusema. Wanawake wa kanisani walimwambia kwa upole kwamba Bwana hapendi huzuni isiyo na mwisho. Mjane mmoja wa jirani, ambaye wazee wake walitoka Maniema, Mwislamu, alikuja kukaa naye mchana mmoja na kumwambia kwamba kwao mjane ana siku zake za eda zilizohesabiwa, zikiisha zimeisha, hakuna wa kumsubiri. Nilimwona mke wangu akimwangalia kwa wivu.

Kaka yangu hakuwa na upole wa kanisani. Ni mfanyabiashara wa vipuri, mtu wa kumaliza mambo. Alinikuta uani.

"Mudogo, bibi yako iko anafungia kifo mu nyumba," alisema. "Unaona ile kamba? Kila siku inaita kifo: kuya, niko hapa."

"Si kamba, yaya. Ni matanga ya kwao."

"Matanga ya kwao haina mwisho? Shiye tunalia, tunanyoa, tunakula, tunarudia ku kazi."

"Ya kwao pia iko na mwisho. Inakosa tu mutu wa kumaliza."

"Mutu gani?"

"Mutu wa kwao."

Alifikiri. Kaka akifikiri anaangalia viatu vyake.

"Njo uende utafute mutu wa kwao," alisema. "Weye si profesere?"

Ni aibu kusema kwamba wazo hilo halikuwa limenijia. Nilikuwa natafuta vitabuni. Sikuwa nimetafuta barabarani, wakati malori ya Afrika Kusini yanaingia mjini hapa kila siku na mitambo ya migodi, na yanatoka na shaba. Katika foleni ndefu kiasi hicho, asiwemo hata Msotho mmoja?

Nilianza kwenda kwenye uwanja wa malori, njia ya kwenda Kasumbalesa, baada ya vipindi vyangu. Ni mahali pa vumbi jekundu, moshi wa makaa, na wanaume waliolala chini ya trela wakisubiri karatasi zao zipigwe muhuri. Nilipita lori moja moja nikiwa na mkoba wangu na koti langu la mwalimu, na wote walidhani ni mtu wa ushuru. Wengine walifunga milango. Kundi la madereva wa Tanzania waliokuwa wanacheza bao ndio walionisikiliza.

"Shikamoo, mzee. Unatafuta Msotho?" mmoja alisema. "Sisi hapa tuna Wanyakyusa, tuna Mhehe, na tuna huyu Mzambia aliyelala. Chukua mmoja."

"Mhehe usimchukue," mwenzake alisema bila kuinua macho kwenye bao. "Anakoroma."

"Nahitaji Msotho."

"Kuna nini, mzee? Amekimbia na binti yako?"

Nilisema hapana. Nadhani uso wangu ulisema zaidi, kwa sababu yule kijana aliweka kete zake chini na kusimama. Ni yeye aliyenizungusha uwanja mzima siku ile na siku zilizofuata, akiuliza kwa niaba yangu, akinitambulisha kama "baba mkwe wangu" ili wasinikimbie. Na ni yeye aliyenipigia simu mchana mmoja wa Oktoba, joto likiwa limeufunga mji kama mfuniko, kuniambia kwamba ameona lori ambalo pazia lake ni blanketi.

Nilijua blanketi lile kabla sijamwona mtu. Sufu nzito, ya rangi ya udongo, yenye masuke ya mahindi na mistari. Ndani yake alikuwa amelala dereva mnene, wa makamo, ambaye aliamka akiwa tayari amenishikia hasira. Tulizungumza Kiingereza, changu cha chuo na chake cha barabarani. Nilipomaliza kueleza alikaa akisugua uso.

"Una Msotho nyumbani?" aliuliza. "Hapa?"

"Miaka mingi."

"Na ana thapo."

"Miaka mingi," nilisema tena.

Aliangalia trela lake, foleni, vumbi. "Jumapili sina kazi," alisema. "Lakini sikuahidi kitu, ntate. Nitamsalimia." Ntate kwao ni baba.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimebeba habari hiyo kama mtu aliyebeba beseni lililojaa maji. Mke wangu aliniuliza mara mbili kama nimesikia vizuri. Kisha aliosha ua mzima. Jumamosi nilimkuta amesimama mbele ya ukuta, mkono umeugusa, akipapasa nyufa. Nilikwenda jikoni nikahesabu uma, mambo ya kijinga, kuona kama zimetimia.

Kaka alikuja Jumapili baada ya misa na mkewe, amevaa suti, ana mkasi mpya wa sokoni ndani ya plastiki yake. "Isiwe tumekosa chombo," alisema. Nilimweleza kwamba ni wembe, na kwamba si suala la chombo. Aliweka mkasi mezani hata hivyo, katikati, karibu na chupa za soda.

Dereva alifika ameoga, amejifunika blanketi lake katika joto lile la Oktoba, jasho likimchuruzika masikioni. Mke wangu alitoka mlangoni. Aliliangalia blanketi kabla ya kuuangalia uso.

"Lumela, 'm'e," mtu yule alisema. Ndiyo salamu yao kwa mama.

Alijibu. Kisha alimsogelea, akamshika mabegani, akamvua blanketi, akaligeuza, akamvika upya ili mistari isimame badala ya kulala. Dereva aliinamisha kichwa kama mtoto wa shule.

"Mistari ikilala, mutu hakui," mke wangu alimweleza kaka yangu kwa Kiswahili.

"Na huyu iko anataka kukua tena?" kaka aliuliza, akiangalia tumbo la dereva.

Mke wangu alicheka. Nilikuwa nimesahau sauti yake. Ilikuwa na kutu, lakini ilikuwa ile ile.

Walikaa, wakaanza kuzungumza. Kisotho changu ni cha mwanafunzi aliyekwenda disko. Nilidaka neno hapa na neno pale, na mengine mke wangu alinieleza baadaye. Kwanza walitajiana koo. Yeye ni wa ukoo wa simba. Dereva alikuwa wa ukoo wa sungura. Niliona mabega ya mke wangu yakishuka, kidogo tu, kama mtu aliyeweka mzigo ambao alijua tangu mwanzo kwamba hautabebwa. Dereva aligeuka akaniambia kwa Kiingereza kwamba anasikitika, hawezi kukata. Akikata mtu wa ukoo mwingine, msiba hauna pa kwenda.

Nilimfasiria kaka.

"Simba na sungura, biko mu pori moja," kaka alisema. "Akate tu."

"Haiwezekane, yaya."

"Nani ataona?"

Mke wake alimkanyaga mguu chini ya meza.

Kisha mke wangu aliuliza habari za kwao. Alitaja bonde, mto, kijiji cha juu na kijiji cha chini. Dereva alikuwa anakunywa soda. Aliiweka chini polepole.

"'M'e, hawakukuambia?" alisema. Hilo nililielewa.

Bonde lilikuwa linahamishwa. Wanajenga bwawa, maji ya kupelekwa Johanesibagi. Watu wa kijiji cha chini walishatolewa, wengine wamejengewa nyumba za bati karibu na mji, wengine wamekwenda wanakojua. Wa kijiji cha juu, yeye hakujua. Yeye alipita tu barabara mpya na kuona vilima vimechimbwa. Makaburi pia yalifukuliwa, alisema, yakahamishwa kwa heshima, ndivyo walivyotangaza.

Mke wangu hakuuliza kuhusu nyumba ya mama yake. Aliuliza kuhusu nyasi. Chini ya chemchemi ya kijiji kulikuwa na mahali ambapo wanawake wote walikata nyasi za kofia, nyasi ngumu, zisizopatikana ng'ambo ya mto. Aliuliza kama zile nyasi nazo walizihamisha.

Dereva alisema hajui habari za nyasi. Akatoa simu yake, nadhani kwa sababu hakuweza kuendelea kukaa vile mikono mitupu, akampigia mama yake mzazi huko Lesotho. Aliiweka simu mezani kando ya mkasi ili wote tusikie. Kulikuwa na jogoo anawika nyuma ya sauti, kisha sauti ya mwanamke mzee, kavu, isiyo na haraka. Mke wangu alipiga magoti mbele ya meza ili asikie vizuri. Walianza kutafutana. Mke wangu alitaja jina la shangazi. Bibi yule akafikiri, akajibu. Alitaja binamu, akajibu. Alitaja mjane wa kaka yake. Jibu lilikuwa na neno moja linalorudi, neno ambalo hata mimi nilijifunza mapema kule Lesotho kwa sababu linatangazwa redioni kila asubuhi katika matangazo ya vifo. Waliobaki, bibi alisema, wametawanyika, na yeye hana namba zao. Hata wale wa simba aliowajua walikuwa wa bonde jingine, wazee wasioweza safari hii.

Kaka yangu alikuwa amevua koti. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mwishoni bibi alisema jambo refu, na mke wangu alilirudia polepole kwa Kiswahili, kwa ajili yetu, akiwa bado magotini. Kwamba mtu asiye na mtu hawezi kukatwa. Lakini kitambaa nacho kina umri. Asikivue, asikikate, aache jasho na maji ya kuoga vifanye kazi. Siku kitakapokatika chenyewe, achimbe shimo uani, akizike, anyolewe, msiba umekwisha. Bibi mwenyewe amewaona wajane wa vita na wa migodi wakimaliza hivyo.

"Basi njo hiyo," kaka alisema, na akasimama kwa furaha ya kweli. "Imeshaisha kukauka, ile kamba. Tuivute kiloko tu, kiloko."

"Shemeki," mke wangu alisema, akiinuka na kupangusa magoti, "vuta tai yako."

Dereva alicheka, mke wa kaka akacheka, kaka mwenyewe akacheka. Tulikula. Wakati wa kuondoka dereva alivua blanketi na kujaribu kumwachia. Mke wangu alikataa; alimfunika tena mwenyewe, akimwambia kwamba njia ni ndefu na kwao ni baridi. Alimsindikiza hadi barabarani. Alisimama pale hadi vumbi la pikipiki iliyombeba lilipotulia. Mkasi ulibaki mezani kwetu, na mke wangu akautumia kukatia mboga.

Nitasema kilichonipata baada ya hapo, ingawa hakinipi sifa. Badala ya kurudi uwanjani kutafuta simba, nilianza kukichunguza kile kitambaa. Kila asubuhi, kabla ya kumwangalia mke wangu usoni, niliangalia shingo yake. Nilijua mahali palipofifia kuwa pa kijivu, mahali karibu na fundo palipoanza kuchanika nyuzi. Nilinunua sabuni kali. Nilimsifia kuoga mara mbili kwa siku, joto hili. Mvua zilipokuja nilifurahi akilowa. Nilijikuta darasani, mbele ya wanafunzi, nikipiga hesabu za pamba na jasho. Nilikuwa nimepata tumaini, na tumaini la mtu wa umri wangu linaonekana hivyo, linachungulia uzi.

Mvua za mwaka ule zilibomoa lipu ya ukuta upande wa barabara. Kwa kuwa hakuna aliyeuchora wala kuupaka upya kwa muda mrefu, ulianguka vipande vipande, na matofali mabichi yakaanza kuyeyuka. Kaka alileta fundi mwezi wa tano. Nilimuuliza mke wangu. Alisema ukuta ni lazima usimame. Fundi alipiga saruji, akailainisha kwa ubao hadi ikawa kama ubao wa darasani, na akatusifu kwa kuachana na matope. Nilimwangalia mke wangu akimpa fundi maji ya kunawa. Aliuliza saruji inakauka kwa muda gani. Fundi akamwambia asiiguse mpaka kesho. Hakuigusa, wala kesho yake.

Halafu ukaja mwezi wa sita, na baridi yake ya asubuhi ambayo watu wa kwingine hawaamini ikiwa hawajalala Lubumbashi. Mke wangu anaipenda baridi hiyo. Alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, juani, amejifunika blanketi lake, mistari imesimama. Mbele yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikuwa ameegemeza kioo changu cha kunyolea ndevu. Kidevu kilikuwa juu. Nilidhani anajipaka mafuta.

Alikuwa na sindano. Aliipitisha chini ya kitambaa, karibu kabisa na koo, akaitoa juu, akavuta uzi. Uzi ulikuwa mweusi, mpya, ule wa kushonea sare za shule.

"Unafanya nini?" nilimuuliza.

"Ilianza kukatika," alisema. Hakuonekana kama mtu aliyefumaniwa. "Jana nilipooga niliisikia imelegea."

Nilibaki nimesimama na chai yangu. Nilitaka kumkumbusha maneno ya yule bibi kwenye simu, shimo uani, kunyolewa. Alikuwa ameyakumbuka kuliko mimi. Nilimwona kwenye kioo akiniangalia, na nilielewa kwamba alijua habari ya sabuni, na ya kuoga mara mbili, yote.

"Bibi alisema ikikatika imekwisha," nilisema hata hivyo.

"Imekwisha nini?"

Nimelipwa maisha yangu yote, pale nilipolipwa, ili niwe na jibu.

"Ikianguka," alisema, "nani mwingine hapa anajua kwamba alikuwepo?"

Nilisema mimi najua. Alitikisa kichwa kukubali, kwa wema, kama unavyomkubalia mgonjwa. Kisha alijaribu kuifikia sehemu ya nyuma, penye fundo, mahali ambapo nyuzi zilikuwa zimechakaa zaidi. Kioo hakikufika huko. Mkono wake ulitafuta, sindano ikamchoma, akakitazama kidole.

"Njoo unisaidie," alisema. "Huku sioni."

Niliweka chai chini. Nilipita nyuma yake, nikasogeza blanketi, nikaishika thapo kwa vidole. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyofikiri, karibu si kitu. Kuivuta tu kidogo kungetosha, na asingejua kama ni mimi au ni umri wa kitambaa. Shingo yake ilikuwa na joto la jua na nywele nyeupe nilizokuwa sijaziona. Nikachukua sindano. Mimi si mshonaji. Nilipitisha uzi mara moja, mbaya, nikapitisha tena.

"Kaza," alisema.

Nikakaza.